Muulize Mwalimu: Dakika 11 za kompyuta

Mwezi huu meseji zilizojaa kwenye simu yangu karibu zote zinaongelea kitu kimoja, kompyuta mashuleni, nani anazo na nani hana, nadhani ni kwa sababu shule zimefunguliwa na vikao vya michango vimeanza. Nimechagua nne. Nimefundisha fizikia miaka 22 kwenye shule za serikali hapa Moshi kwahiyo nisiseme uongo, roho yangu iko kwa yule mtoto anayebanana na wenzie watatu kwenye dawati moja, ila nitajitahidi kumjibu kila mtu kwa haki.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mama ntilie hapa Pasua, mwanangu yuko darasa la tano Kayumba. Desemba tulipanda kwetu Rombo kama kawaida, dada yangu naye akaja toka Arusha na mtoto wake, rika moja na wangu, anasoma inglishi midiamu na kule kwao kila mtoto ana kishikwambi. Akawa anamwonyesha wangu jinsi wanavyofanya homuweki humo humo. Wangu alikishika kama mtu anagusa sufuria ya moto, afu usiku tumelala akaniuliza mama mbona sisi shuleni hatuna hata kimoja. Mwalimu sikupata usingizi. Sasa kamati ya shule inataka kila mzazi atoe elfu ishirini tununue kompyuta kumi, na kwenye kikoba chetu naweza kukopa nikamhamishia shule ya kulipia angalau mwaka mmoja. Nitoe hiyo elfu ishirini au nikope nimhamishe?

JIBU: Marahaba mama. Pole, na hilo swali la mwanao wala sio la utoto, ni swali ambalo watu wazima wamelikwepa muda mrefu.

Kukopa usikope. Ada ya mwaka mmoja kwa hela ya kikoba maana yake Januari ijayo uko pale pale unatafuta nyingine huku ya kwanza bado unarejesha na riba, na ukishindwa mtoto anarudi Kayumba akiwa amebadilishiwa lugha mara mbili, la tano Kiingereza, la sita Kiswahili, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi nao umeshakaribia. Nimewaona watoto wa hivo wakifika kidato cha kwanza, hawako huku wala hawako kule, na sio kwamba hawana akili.

Kuhusu kwa nini kwenu hakuna hata kimoja, hela yake haijawahi kuwepo. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 shule ya msingi ya serikali inaendeshwa kwa ruzuku, na kiwango chake ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka mzima, na ndani yake kuna fungu la vitabu. Piga hesabu shule ina watoto 800, hiyo ni milioni 8, itoe vitabu, chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, maji. Shule aliyopo mtoto wa dada yako ada ya watoto wachache tu inaweza kufika hiyo milioni 8. Kwahiyo ukimwona mwalimu mkuu anazungushazungusha maneno kuhusu kompyuta usimwazie vibaya moja kwa moja, mtu hawezi kukata nguo kwenye kitambaa ambacho hajapewa.

Sasa elfu ishirini. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango, hilo ukiliona likitokea lipeleke kwa afisa elimu. Ila kama ni hiari na umejaliwa kuwa nayo, kabla hujaitoa naomba usimame kwenye kikao uulize hivi, mwanangu atashika kompyuta dakika ngapi kwa wiki? Usiulize ziko ngapi. Tuseme mmenunua kumi, darasa lina watoto 70, vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki, na tuseme umeme haujakatika hata siku moja (tuseme tu). Mashine kumi mara dakika 80 ni dakika 800, gawa kwa 70. Dakika 11. Mtoto wa dada yako tuseme darasani wako 25 na kila mmoja ana chake, yeye ana dakika zote 80, afu jioni anakwenda nacho nyumbani. Ndo maana mmoja alikuwa anatelezesha kidole bila hata kuangalia na mwingine anagusa kwa woga, hapo mama hakuna mwenye akili kuliko mwenzie, ni dakika tu.

Na dakika 11 zenyewe zinapatikana tu kama yupo mwalimu wa kuzifundisha. Kwahiyo muulize pia mwalimu gani atasimamia na amefundishwa lini, uniti za LUKU atanunua nani, chumba kina nondo madirishani au wiki ya pili tunasikia zimeibiwa, na ikiharibika moja inapelekwa wapi. Kama majibu hayapo mi ningewashauri mnunue tano badala ya kumi, hela inayobaki ifanye wayaringi nzuri, nondo, na kumpeleka mwalimu mmoja kozi. Najua wazazi hawapendi kusikia hivo, kumi zinaonekana na kozi ya mwalimu haionekani.

Peru kule Amerika ya Kusini walijaribu kwa ukubwa wake, serikali ikagawa laptopu ndogo laki nyingi kwa watoto wa shule masikini za vijijini. Mwaka 2012 ukatoka utafiti wa shule 319, wakalinganisha zilizopata na ambazo hazikupata. Watoto walijua kuzitumia zile laptopu vizuri kabisa lakini kwenye hesabu na kusoma hakukuwa na tofauti, na sababu moja inayotajwa ni kwamba walimu waliachiwa mashine mikononi bila kuonyeshwa wazitumieje kufundishia. Sikwambii hivi ili uridhike kukosa mama. Nakwambia ili ule woga wa pale Rombo, kwamba mwanao ameshaachwa milele, ukutoke. Kwenye kusoma na hesabu kishikwambi peke yake hakimpandishi mtu, alichoachwa ni kule kuzoea, na kuzoea kunafidiwa.

Kunafidiwaje kama una simu ya tachi. Mpe nusu saa jioni ukishafunga biashara, sio ya gemu, mwambie andika matumizi ya leo ya mama, mchele, mkaa, mafuta, faida, ajifunze kuchapa na kufuta na kutunza kwenye faili lenye jina. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vinasomeka bure kwenye maktaba yao ya mtandao, kile anachogombania na wenzie watatu darasani atakisoma hapo peke yake. Na mwambie kitu ambacho hakuna aliyemwambia, kwamba ukibonyeza vibaya haiharibiki. Likizo ijayo mkipanda tena Rombo utaniambia.

SWALI: Habari mwalimu. Nafundisha shule ya kata huku upande wa Ngaramtoni, Arusha. Tuna desktopu 15 tulizoletewa na wafadhili kutoka nje miaka mitatu iliyopita, zinazowaka ni nne. Zingine zimekufa tu hatujui zina nini. Umeme tunao ila mkuu anasema zinakula sana, amefunga chumba ufunguo anatembea nao, vijana wanachungulia dirishani. Intaneti hatuna, bando natumia langu. Wakati huo huo hapa barabarani kuna shule ya binafsi vijana wanatengeneza programu. Nimevunjika moyo, nifanye nini?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, hili la vijana kuchungulia dirishani limenichoma kwa sababu nami nimewahi kufanya kazi mahali penye chumba cha namna hiyo, mashine zimefunikwa vitambaa vya kushonwa kama makochi ya wageni na wanafunzi wanamaliza kidato cha nne hawajaona kilichoko chini ya kitambaa. Kompyuta iliyofungiwa inazeeka sawasawa na inayotumika. Bora ifie mikononi mwa watoto.

Tuanze na woga wa mkuu kuhusu umeme maana huo unatibika kwa kalamu. Desktopu ya zamani na skrini yake chukulia wati 120. Zikiwaka zote 15 ni wati 1,800, saa mbili kwa siku ni uniti 3.6. Kwa siku tano ni uniti 18 kwa wiki. Mpelekee hiyo hesabu kwenye karatasi, izidishe kwa bei ya uniti mnayonunulia nyie, afu mweleze kwamba kwa nne zinazowaka sasa haifiki hata uniti 5 kwa wiki. Watu wengi wanaogopa bili ambayo hawajawahi kuipigia hesabu. Kama bado anasita omba saa nne tu kwa wiki za majaribio na daftari la kusaini, nani kaingia, saa ngapi, uniti ngapi zimetumika, mwisho wa mwezi mnaangalia pamoja. Ukimwendea kwa lawama atashika ufunguo kwa nguvu zaidi.

Zile 11 zilizokufa usiamini kwamba zimekufa mpaka uzifungue. Vumbi la kwetu kiangazi unalijua, linaingia kwenye feni na kwenye ram, kile kipande chembamba cha kumbukumbu ya kompyuta. Chomoa umeme kabisa, fungua kasha, pulizia vumbi, chomoa ram, yale meno yake ya rangi ya dhahabu yasugue taratibu kwa ufutio wa kawaida wa penseli, rudisha mpaka ilie ka. Utashangaa. Inayowaka afu inalalamika tarehe sio sahihi au inagoma kuendelea, mara nyingi ni kile kibetri cha mviringo kwenye ubao, kinaitwa CR2032, kinauzwa mpaka kwenye maduka ya saa. Zilizobaki tengeneza moja kutoka kwenye mbili, chukua ram ya hii, hard disk (diski ya kutunzia mafaili) ya ile. Kwenye 15 mi nategemea upate nane au tisa, na kama hukupata hizo utapata sita, ambazo bado ni zaidi ya nne. Hapo mjini kuna Chuo cha Ufundi Arusha, kipo tangu 1978, vijana wao wanatafuta sehemu za kwenda fildi kila mwaka, andika barua kupitia mkuu wako waje wiki mbili. Na wanafunzi wako wa kidato cha pili wawepo pale wakiona kasha linafunguliwa, hilo ni somo kubwa kuliko kufundishwa kuchapa.

Intaneti usiisubiri. Hapa ndo naomba unisikilize kwa makini kwa sababu walimu wengi hawajaambiwa. Kuna vitu vinaitwa Kiwix na Kolibri, ni programu za bure, unapakua mara moja tu pale kwenye waifai nzuri, Wikipedia nzima ya Kiswahili, masomo ya hesabu na sayansi yenye video na mazoezi, unaweka kwenye hard disk au kwenye kile kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi ambacho kinakula umeme kama taa moja ya balbu za siku hizi. Unakiunganisha na rauta ya kawaida isiyo na laini ya mtandao kabisa. Kompyuta zote za chumbani na hata simu za walimu zinaingia humo na kusoma bila senti ya bando. Ukijaza mara moja, mwaka mzima unatumia. Bando lako tumia na familia yako mwalimu, umeshatoa vya kutosha.

Afu kuna mlango wa serikali, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, makampuni ya simu yanachangia, na kazi yake ni kupeleka mawasiliano pale ambapo biashara peke yake haiwezi kufika, na umekuwa ukipeleka kompyuta kwenye shule za serikali. Maombi yapitishe halmashauri, na weka picha ya chumba chenye nondo na daftari lenu la kusaini, maana anayegawa anataka kuona kwamba hazitafunikwa vitambaa. Marekani wana kitu cha aina hiyo hiyo, sheria yao ni ya 1996, na huko punguzo la gharama za intaneti kwa shule linaanzia asilimia 20 linafika 90, shule yenye watoto masikini zaidi ndo inapata kubwa zaidi. Mi naona hiyo kanuni ndo ya haki na naisema wazi, shule ya kata ya pembezoni isiwe kwenye foleni moja na ya katikati ya mji, itangulie.

Wafadhili wakija tena wapokeeni kwa heshima ila ulizeni maswali kabla kontena halijaondoka huko, zina umri gani, zina waya zake, spea zinapatikana Arusha? Ukipokea kila kitu kwa aibu ya kukataa unageuka stoo ya mtu.

SWALI: Shikamoo ticha. Niko kidato cha tatu hapa Moshi, msichana. Kompyuta tunazo saba, tunakaa wanne mashine moja. Tatizo wavulana ndo wanashika mausi tangu kengele ya kuingia mpaka ya kutoka, sisi tunaambiwa tuandike nouti. Nikimwambia mwalimu anasema mtapata zamu. Zamu haijafika tangu kidato cha kwanza.

JIBU: Marahaba binti yangu. Zamu ambayo haina saa sio zamu. Nenda kwa mwalimu ukiwa na wenzio wawili watatu, msiende kulalamika, nendeni na pendekezo, kipindi ni dakika 40, toa tano za kuingia na kukaa, zinabaki 35, kila mmoja anashika dakika nane, saa ya ukutani au ya mwalimu ndo hakimu. Anayeandika nouti awe yule aliyetoka kushika. Ni kitu kidogo ambacho hakina gharama yoyote. Mwalimu wako sidhani kama ana nia mbaya, chumba chenye watoto 28 na mashine saba kina kelele na mwenye kelele zaidi ndo anaonekana anajua. Na waambie hao kaka zenu kwamba nimesema mimi, aliyekalia kiti sana sio fundi.

Kama hakusikia mwone mwalimu wa malezi. Usinyamaze, haijakubakia hata miaka miwili kamili hapo.

SWALI: Mwalimu salaam. Naishi Njiro, Arusha, wanangu wawili wako shule ya binafsi, kila mtoto ana kifaa chake na mwaka huu wanataka kuacha kabisa vitabu vya karatasi. Nina maswali mawili. Je niwe na wasiwasi? Na la pili, ukuta wa shule yao umepakana na shule ya kata, watoto wa kule nawaona asubuhi wamebeba madumu ya maji, roho inaniuma. Wazazi wenzangu tunafikiria kununua kompyuta 20 tuwapelekee. Unaonaje?

JIBU: Salama baba. La kwanza ndiyo, uwe na wasiwasi kidogo. Sweden walikwenda mbali sana na vifaa vya skrini darasani, mwaka 2023 serikali yao ikageuza gari na kutenga fedha za kununua vitabu vya karatasi tena. Mtoto mdogo bado anahitaji kitabu cha kufunua na penseli ya kuchongwa. Waombe walimu wawaonyeshe ni somo gani kifaa kinafundisha vizuri kuliko kitabu, na wakishindwa kwa somo fulani basi kitabu kibaki kwa somo hilo. Hamna haja ya ugomvi.

La pili nakushukuru umeuliza, wengi wanapita hapo na gari wamefunga vioo. Ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia kwenye elimu inasema shule ya msingi moja kati ya nne duniani haina hata umeme, na zenye intaneti ni asilimia 40 tu. Wewe hiyo asilimia unaiona kwa macho yako kila asubuhi, imekatwa na ukuta wa tofali.

Lakini kompyuta 20 usinunue bado. Soma majibu yangu kwa yule mama wa Pasua na mwalimu wa Ngaramtoni, utaona mashine inavyoweza kufika na dakika zisifike. Nyie mna kitu ambacho shule ya kata hata ikipewa kompyuta 20 haitakuwa nacho, chumba kilicho tayari, chenye umeme wa akiba, intaneti, na mwalimu aliyesomea. Na Jumamosi chumba hicho kimefungwa. Ningekuwa mimi ningeomba bodi ya shule ifungue geti Jumamosi saa tatu mpaka saa sita, watoto 30 wa kata kwa zamu, na walimu wao wawili waje pamoja nao wajifunze pia, mwalimu wenu alipwe posho ya siku hiyo na hiyo posho ndo mchangie nyie wazazi. Ni ndogo sana kuliko bei ya mashine 20. Wanao nao waje wawe wanawaelekeza, watagundua wenzao wale wanajua hesabu kuliko wao, nimeliona hilo mara nyingi.

Kuna watakaosema usalama, kuna watakaosema watoto wetu tunalipia ada. Wasikilizeni, wekeni daftari la kusaini na mlinzi mmoja, lakini geti lifunguliwe.

Na shule yenu ikibadilisha vifaa, ulizeni vya zamani vinakwenda wapi. Vikienda upande wa pili viende na chaja zake, neno la siri likiwa limeondolewa. Nimeshaona laptopu nzuri kabisa kumi na mbili ziko kabatini kwenye shule ya kata mwaka mzima kwa sababu aliyezitoa hakusema neno la siri na hakuna aliyekuwa na namba yake.

Ila kabla ya yote hayo, kesho asubuhi zunguka huo ukuta kwa miguu, ingia upande wa pili, msalimie mkuu wa shule na umuulize yeye anahitaji nini. Inawezekana akakwambia maji.